Zheng He: kutoka mtoto mateka hadi jemadari wa bahari, na kile ambacho picha haikuonyeshi

Leo tuachane kidogo na siasa, na Simba na Yanga, tumzungumzie mtu aliyekufa karibu miaka 600 iliyopita. Anaitwa Zheng He. Andika jina lake kwenye Google, bofya upande wa picha, uone. Zitakuja picha kibao za rangi za mafuta walizochora Wachina wa siku hizi: merikebu kubwa zinaingia bandarini, matanga yamejaa upepo, bendera juu, jemadari kasimama mbele na joho lake, wenyeji wamejipanga kumpokea. Mimi nikiziangalia huwa najiuliza maswali mawili. Huyu jamaa alikuwa nani hasa? Na wale waliosimama pembeni, ambao ni watu wa kwetu, ni kina nani?

Tuanze na yeye. Alizaliwa mwaka 1371 mkoa wa Yunnan, kusini magharibi mwa China, mbali kabisa na bahari. Jina lake la utotoni ni Ma He. Familia yake ilikuwa ya Kiislamu, na baba yake na babu yake wote waliitwa Hajji. Mwaka 1381 majeshi ya utawala wa Ming yakavamia Yunnan. Baba akafariki, mtoto akatekwa akiwa na miaka kama kumi hivi. Wakamhasi, wakampeleka akawe mtumishi katika nyumba ya mwana wa mfalme aliyeitwa Zhu Di.

Fikiria hapo, mdau. Mtoto wa darasa la nne au la tano, hana baba, hana kwao, na hatapata mtoto maisha yake yote. Wengi wangeishia hapo. Yeye akakua, akajifunza vita, akawa mtu wa karibu wa bosi wake. Mwaka 1399 Zhu Di akaanza kupigania kiti cha enzi dhidi ya mpwa wake mwenyewe, na mwaka 1402 akakichukua, akajulikana kama mfalme Yongle. Towashi wake alikuwa amepigana vizuri sana, hivyo mwaka 1404 akapewa jina jipya la heshima: Zheng.

Mwaka uliofuata, 1405, akakabidhiwa msafara wa baharini ambao dunia ilikuwa haijauona. Watu zaidi ya 27,000: mabaharia, askari, waganga, wakalimani, mafundi. Merikebu zaidi ya 200, na kubwa kuliko zote ziliitwa merikebu za hazina. Kwa kulinganisha tu, Columbus alipovuka Atlantiki mwaka 1492 alikuwa na meli tatu. Zheng He aliongoza safari saba kati ya 1405 na 1433, akapita Java, Ceylon, Calicut, Hormuz, na msafara wake ukafika Mogadishu, Barawa na Malindi.

Picha nyingi zinamwonyesha kama mgeni mpole aliyeleta hariri na vyombo vya kauri. Ni kweli hakuteka ardhi ya pwani yetu wala hakujenga ngome, tofauti na Wareno waliokuja baadaye. Ila msidhani alikuwa mtu wa zawadi tu. Mwaka 1407 aliwasambaratisha maharamia wa Palembang, wakafa maelfu. Mwaka 1411 alipigana na mtawala mmoja wa Ceylon, akamkamata na familia yake, akawapeleka China. Zawadi zilikuwa mkono mmoja, silaha mkono wa pili.

Sasa tuje kwenye kile ambacho picha haikuonyeshi. Mwaka 1415, kabla msafara wake haujafika Malindi, wajumbe wa Malindi walikuwa tayari wamefika China, wakiwa na twiga. Mwaka mmoja kabla, twiga mwingine alikuwa ametoka Bengal, na Wachina walimwona kama mnyama wa baraka wa hadithi zao. Mfalme Yongle mwenyewe akatoka kumpokea huyu wa Malindi. Na safari ya tano, ile ya 1417 hadi 1419 iliyofika kwetu, kazi yake mojawapo ilikuwa kuwarudisha wajumbe makwao. Yaani waliogundua njia siyo Wachina peke yao. Kwenye ile merikebu ya kwenye picha walikuwemo pia watu wa pwani, wanarudi nyumbani.

Hadithi hii sisi wa Tabora tunaijua vizuri hata kama hatukufundishwa hivyo. Vitabu vinasema Burton na Speke walifika Kazeh, ndiyo hii Tabora, mwaka 1857. Wamefikaje? Wamefuata njia ya misafara, mizigo yao ikiwa mabegani mwa wapagazi. Na Wanyamwezi walikuwa wameshatembea hadi pwani na pembe zao za ndovu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800, kabla Waarabu hawajajenga hapa. Nenda Kwihara, utaikuta tembe ya Livingstone, imetunzwa na inatembelewa. Je, mpagazi aliyembebea Livingstone mzigo, tembe yake iko wapi?

Mwisho wa Zheng He haukuwa na shangwe. Yongle alikufa mwaka 1424, mrithi wake akasimamisha safari. Jemadari akapewa kazi ya kulinda Nanjing. Akaruhusiwa safari moja ya mwisho mwaka 1431, na inaaminika alifariki safarini mwaka 1433. Kaburi lake la Nanjing linasemekana halina mwili. Kumbukumbu zake nyingi zikapotea, merikebu zikaoza. Ni baadaye sana China ilipomkumbuka: mwaka 2005, miaka 600 ya safari ya kwanza, tarehe 11 Julai ikatangazwa kuwa Siku ya Bahari nchini humo, na wachoraji wakapata kazi.

Mimi siwalaumu hao wachoraji. Kila taifa linachora watu wake likiwaweka katikati. Desemba 2022 Tanzania ilisaini na kampuni za China mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, karibu na mapito yaleyale ya misafara. Siku moja mtu ataichora hiyo reli inavyofika. Tukikaa kimya, tutachorwa tena pembeni, tunapunga mikono.

Vijana wa Tabora wenye brashi, mnaopaka picha kwenye malori na saluni, kazi hii ni yenu. Nichoreeni wajumbe wa Malindi wakishuka Nanjing na twiga wao. Nichoreeni Wanyamwezi wakiingia Bagamoyo na pembe mabegani, ngoma zinalia, pwani yote imetoka kuwatazama.

Haya, uwanja ni wenu wadau. Nani mwingine wa kwetu hajawahi kuchorwa?