Malesherbes, Hakimu Aliyewatetea Wasiotetewa

Maneno hakimu, hukumu, mahakama na hekima yote yamechipuka kutoka shina moja la Kiarabu. Ni kana kwamba lugha inatukumbusha kuwa aketiye katika kiti cha hukumu anapaswa kuwa na busara. Hata hivyo, sote twajua kwamba si kila hakimu ni mwenye hekima, na kwamba wenye hekima aghalabu huilipia kwa bei ghali. Miongoni mwa waliolipa bei hiyo ni Mfaransa Chrétien-Guillaume de Lamoignon de Malesherbes, hakimu na waziri wa karne ya 18, ambaye jina lake halisikiki sana madarasani ingawa visa vya maisha yake vinastahili kufundishwa.

Malesherbes alizaliwa Paris mnamo Desemba 6, 1721, katika ukoo wa mahakimu. Katika Ufaransa ya wakati huo, vyeo vya mahakama vilinunuliwa na kurithiwa kama mashamba, na kijana wa ukoo kama huo alijua mapema kiti kilichomsubiri. Mnamo 1750 baba yake aliteuliwa kuwa Chansela wa ufalme, naye mwana akarithi wadhifa wa kuongoza mahakama kuu ya kodi mjini Paris. Mwaka uo huo alikabidhiwa kazi nyingine, nayo ndiyo iliyolifikisha jina lake mbali: kuisimamia idara ya vitabu, iliyoamua ni maandishi gani yachapishwe na yapi yapigwe marufuku.

Fikiri, msomaji, uzito wa kazi hiyo. Mnamo 1757 tangazo la mfalme liliweka adhabu ya kifo kwa watungaji na wachapishaji wa maandishi yaliyoishambulia dini au mamlaka ya mfalme. Mtu mwingine angeikamata kalamu ya udhibiti na kuigeuza upanga. Malesherbes aliamini kwamba fikra hazizimwi kwa amri, na kwamba kitabu kinachopigwa marufuku nyumbani huchapishwa ng'ambo na kurudi kwa magendo. Kwa hiyo akautumia kwa wingi utaratibu wa ruhusa za kimyakimya: kitabu hakikupewa idhini rasmi, lakini aliyekichapisha hakusumbuliwa.

Kazi iliyofaidika zaidi ni Encyclopédie, kamusi kubwa ya maarifa iliyoongozwa na Diderot na d'Alembert. Juzuu mbili za kwanza zilipopigwa marufuku mnamo 1752, Malesherbes ndiye aliyeagizwa kuzitwaa karatasi za Diderot. Inasimuliwa kwamba alimtumia Diderot habari mapema, na alipoambiwa kwamba hapakuwa na muda wala mahali pa kuzificha, akamwelekeza azipeleke nyumbani kwake yeye mwenyewe. Nani angethubutu kupekua nyumba ya mpekuzi? Kamusi hiyo ilipokonywa idhini tena mnamo 1759, ila haikufa. Juzuu kumi za mwisho za maandishi zilitoka mnamo 1765.

Isidhaniwe kwamba alikuwa mfuasi tu wa wanafalsafa hao. Mwandishi Fréron, hasimu wao mkubwa, alipowachapa kwa kalamu katika jarida lake, d'Alembert alimtaka Malesherbes amchukulie hatua. Alikataa. Kwake, waliodai uhuru wa kukosoa walipaswa kuvumilia kukosolewa. Mizani hiyo iliwaudhi marafiki na maadui sawia, jambo ambalo pengine ndilo dalili bora kwamba ilikuwa mizani ya kweli.

Katika mahakama ya kodi, Malesherbes alikutana na uonevu wa aina nyingine. Ushuru wa bidhaa kama chumvi na tumbaku ulikuwa umekodishwa kwa kundi la matajiri, ambao mawakala wao waliwasaka na kuwapekua raia watakavyo. Fauka ya hayo, palikuwepo nyaraka za mfalme zenye muhuri, ambazo kwazo mtu aliweza kutiwa kizuizini bila mashtaka wala kesi. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Monnerat alikamatwa hivyo mnamo 1767 kwa tuhuma za magendo, akafungiwa Bicêtre kwa takriban miezi 20, na kumbe alifananishwa tu na mtu mwingine. Alipoachiliwa na kudai haki yake, mahakama ya Malesherbes ilimsikiliza. Baraza la mfalme likaingilia kati kuwakinga watoza ushuru. Malesherbes akaandika malalamiko rasmi kwa mfalme, akaonyesha kwamba chini ya nyaraka hizo hapakuwa na raia aliyekuwa salama.

Mnamo 1771, serikali ilipozivunja mahakama zilizoipinga, aliandika tena, akamtaka mfalme alisikilize taifa lenyewe. Jibu lilikuwa kuvunjwa kwa mahakama yake na yeye kufukuzwa Paris aende kuishi katika shamba lake. Huko alijishughulisha na mimea na miti, elimu aliyoipenda tangu ujana, hadi Louis wa 16 alipotawazwa na kuzirejesha mahakama hizo mnamo 1774. Mwaka uliofuata Malesherbes akawa waziri. Alizikagua gereza, akawafungua wengi waliozuiliwa bila sababu ya maana, na akataka nyaraka zile zisitolewe tena kwa matakwa ya mtu mmoja. Hakufaulu. Rafiki yake Turgot alipoachishwa uwaziri wa fedha mnamo Mei 1776, naye alijiuzulu.

Alirejea katika baraza la mfalme mnamo 1787, na safari hii aliacha alama. Tangu 1685 Waprotestanti wa Ufaransa hawakutambuliwa na sheria. Ndoa zao zilizofungwa nje ya Kanisa Katoliki zilikuwa batili na watoto wao walihesabiwa kuwa haramu. Malesherbes, aliyekuwa ameandika kwa kirefu juu ya jambo hilo, alikuwa mstari wa mbele kuleta amri ya Novemba 1787 iliyowawezesha kuandikisha ndoa, vizazi na vifo vyao kisheria. Yeye mwenyewe hakuwa Mprotestanti.

Mapinduzi yalizuka mnamo 1789. Mnamo Desemba 1792 mfalme aliyepinduliwa akapelekwa mbele ya Konventi ili ahukumiwe. Wakili mmoja mashuhuri aliyeombwa kumtetea alikataa. Hapo mzee Malesherbes, mwenye umri wa miaka 71 na aliyekuwa akipumzika shambani mwake, akaiandikia Konventi akijitolea. Mtu aliyeyakosoa mabaya ya utawala wa wafalme kwa miaka mingi sasa alisimama upande wa mfalme aliyeachwa na wengi. Yeye, Tronchet na Desèze walifanya waliloweza. Louis alikatwa kichwa mnamo Januari 21, 1793.

Malesherbes alirudi shambani, lakini mkono wa mapinduzi ulimfuata. Alikamatwa mnamo Desemba 1793, na Aprili 22, 1794 akapelekwa kwenye gilotini pamoja na binti yake, mjukuu wake wa kike na mume wa mjukuu huyo. Mapinduzi yaliyokuwa yamelaani kufungwa bila kesi sasa yalikuwa na mahakama iliyotoa hukumu za kifo kwa haraka ya kutisha. Miezi mitatu baadaye Robespierre mwenyewe, kiongozi mkuu wa enzi hiyo ya hofu, alikatwa kichwa vivyo hivyo. Mkuki kwa nguruwe!

Wako wanaosema kwamba Malesherbes alijipinga: mtetezi wa raia akaishia kuwa mtetezi wa mfalme. Kwa maoni yangu, hapana kujipinga hapo. Mfanyabiashara aliyefungwa bure, mwandishi aliyeandamwa, Mprotestanti asiyekuwa na cheti cha ndoa, na mfalme aliyekuwa kizimbani, wote walikuwa na jambo moja sawa: kila mmoja, kwa wakati wake, alikuwa mnyonge mbele ya mwenye nguvu. Aliyebadilika ni mwenye nguvu. Malesherbes alibaki pale pale.

Mwalimu wa historia anayefundisha Mapinduzi ya Ufaransa huwa na majina mengi ya kuwakaririsha wanafunzi, mengi yakiwa ya walioshinda au waliomwaga damu. Na awaongezee hili moja, kisha awaulize: je, haki mnayoidai kwa ajili yenu, mko tayari kumpa yule msiyempenda? Alexis de Tocqueville, kitukuu wa Malesherbes aliyezaliwa mnamo 1805, alikulia katika familia iliyokuwa imelijibu swali hilo kwa damu. Alipokuwa mtu mzima, aliandika juu ya demokrasia na hatari ya wengi kuwaonea wachache. Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo kwa dhati atakuwa ameanza kuelewa kwa nini hakimu na hekima ni maneno ya shina moja.