Kocher, Tabibu Aliyekiri Madhara ya Kisu Chake

Theodor Kocher alizaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1841. Ardhi ya milima ile ilikuwa na uhaba wa iodini, na wengi walipatwa na rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni. Kocher akawa bingwa wa kuiondoa tezi nzima. Majeraha yalipona, sifa zikaenea. Lakini alipowaita tena wagonjwa wake, wengi aliwakuta wamevimba nyuso, wazito wa mwendo, akili zimefifia. Tezi ile hutumia iodini kutengeneza homoni ziendeshazo mwili na akili. Mwaka 1883 Kocher aliwatangazia matabibu wenziwe madhara hayo, akaacha kuiondoa yote. Alitunukiwa Nobel mwaka 1909, akafariki 1917. Mwaka 1922 Uswisi ilianza kutia iodini katika chumvi.