Macho ya Bach

Wanakwaya wetu wengi wanalijua jina la Johann Sebastian Bach. Mwisho wa maisha yake haujulikani sana.

Alizaliwa mwaka 1685 huko Eisenach, Ujerumani. Kabla hajatimiza miaka 10 alikuwa yatima, na kaka yake mkubwa akamlea. Inasimuliwa kwamba kaka huyo alikuwa na kitabu cha muziki alichokifungia kabatini. Mtoto alikichomoa usiku na kukinakili kwa mwanga wa mbalamwezi, kwa miezi sita. Mwanawe alipoandika habari za baba yake, alisema kazi ya usiku kucha tangu ujana ndiyo iliyoyachosha macho ambayo tayari yalikuwa dhaifu.

Tangu mwaka 1723 aliongoza muziki wa makanisa ya Leipzig. Mara nyingi, juu ya karatasi aliandika herufi za kumwomba Yesu msaada, na chini herufi za kumpa Mungu peke yake utukufu. Alizaa watoto 20. 10 tu ndio waliokua.

Mwaka 1749 alikuwa mgonjwa, na wakubwa wa mji wakamsikiliza mtu wa kuchukua nafasi yake, naye Bach angali hai. Jambo hilo linauma hata kulisoma.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tatu, akafika John Taylor, daktari wa macho kutoka Uingereza, mtu wa kujisifu sana. Upasuaji wa siku zile ulikuwa kuchoma jicho kwa sindano na kukisukuma chini kile kioo cha ndani kilichoingia ukungu. Hakukuwa na dawa ya ganzi, wala mtu hakujua habari za vijidudu. Siku chache baadaye Taylor alirudia upasuaji, kisha akaondoka zake.

Bach akawa kipofu kabisa. Baadhi ya madaktari wa leo wanafikiri jicho lilivimba, shinikizo likapanda ndani yake na kuuharibu mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo ukifa, haufufuki.

Aliugua karibu nusu mwaka. Hata hivyo, inasimuliwa kwamba kitandani alimtamkia mtu mwingine noti za wimbo wa kusimama mbele ya kiti cha Mungu. Siku 10 kabla ya kufa, asubuhi moja aliona tena. Saa chache baadaye akapatwa na kiharusi, na tarehe 28 mwezi wa saba 1750 akalala katika Bwana.

Mwaka 1758 Taylor huyo huyo alimtibu Handel, naye akabaki kipofu. Katika kitabu cha maisha yake aliandika kwamba mwanamuziki wa Leipzig alipata kuona kwa mikono yake. Anna Magdalena, mjane wa Bach, alikufa mwaka 1760 akiishi kwa sadaka za mji.