Imam Bukhari Katika Mtihani wa Baghdad

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zetu Waislamu, kila unapokaribia msimu wa mitihani, wapo vijana wetu wanaotafuta karatasi iliyovuja badala ya kudurusu, na wapo wazazi wanaotoa fedha ili ipatikane. Tumeona tukumbushane maisha ya Imam Bukhari, ambaye naye alikalishwa mtihani mbele za watu.

Imam Muhammad bin Ismail alizaliwa Bukhara, Shawwal ya mwaka 194 Hijria (810 Miladia). Baba yake alifariki yeye angali mdogo. Mzee huyo, akiwa katika maradhi ya mauti, alieleza kuwa katika mali yake haijui hata dirhamu moja ya haramu wala ya shaka. Kwa mali hiyo safi mama alimlea yatima wake.

Akiwa na miaka 11 hivi, alimsikia mwalimu wake akikosea jina la mpokezi wa hadithi. Akamwomba arejee kitabu chake cha asili. Mwalimu alimkemea kwanza, kisha akaingia ndani kutazama, akatoka, akachukua kalamu ya mtoto yule na kusahihisha. Hakuona haya kusahihishwa na mwanafunzi.

Alipofika miaka 16 alikwenda Hijja na mama yake na kaka yake Ahmad. Wao wakarudi, yeye akabaki kutafuta elimu, na baadaye akazunguka Iraq, Sham na Misri, akachukua hadithi kwa masheikh zaidi ya 1,000.

Kisa cha Baghdad amekipokea Ibn Adi kutoka kwa masheikh kadhaa. Wanazuoni wa mji ule walichukua hadithi 100, wakazichanganya: isnadi ya hii wakaitia katika matini ya ile. Wakawapa watu 10, kila mmoja hadithi 10, wamuulize hadharani. Kwa kila hadithi Imam alijibu kuwa haijui. Wasiojua wakamdhania dhaifu. Walipomaliza, akamgeukia wa kwanza, akamtajia alivyosoma kimakosa na ilivyo sahihi, hivyo hivyo mpaka ya 100.

Tuzingatie hapa. Mara 100 alikiri mbele ya umati kuwa hajui, wala hakubahatisha ili kulinda jina lake. Mtoto wetu anayeangalizia kwa mwenzake anakimbia neno hilo moja tu, kwamba hajui. Na asiyekiri kuwa hajui hafundishiki.

Kisha alikusanya Sahihi yake kwa miaka 16, na kwa kawaida kila hadithi ameitajia aliyoipokea kwake, mtu baada ya mtu, mpaka kwa Mtume (S.A.W.). Hiyo ndiyo isnadi. Mpokezi aliyemficha aliyemsomesha, wanazuoni wa hadithi waliita tendo lake tadlisi na wakalikemea vikali. Basi mwanafunzi anayenakili kazi ya mwenziwe au ya kwenye intaneti na kuandika jina lake juu yake, amekata isnadi. Na Imam Muslim, aliyekuwa mwanafunzi wa Bukhari, amepokea hadithi ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) amejitenga na mwenye kughushi.

Imam Bukhari alifariki usiku wa kuamkia Idi ya Mfungo Mosi, mwaka 256 Hijria (870 Miladia), katika kijiji cha Khartank karibu na Samarkand, akiwa na miaka 62.

Wazazi wenzetu, cheti cha wizi huzaa kazi, na kazi huzaa mshahara, na mshahara huo ndio utakaowalisha wajukuu wetu. Baba yake Bukhari alimwachia mwanawe dirhamu zisizo na shaka. Mtoto aliyefeli kwa haki anaweza kurudia mwaka, nasi tumsimamie. Aliyekwishateleza, mlango wa toba uko wazi: aache, ajute, aazimie kutorudia, na arejeshe haki ya mtu aliyemdhulumu.

Allah awape vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin. Wallahu a'lam.