Aliyethubutu kuacha ukurasa mtupu

Jarida likisifiwa, sifa humwendea mwandishi, na labda mpiga picha. Yule aliyeamua picha ikae wapi na maneno yaanzie wapi hakumbukwi. Ndiyo maana nimeona heri leo nimzungumzie Alexey Brodovitch, ambaye kwa maoni yangu hana kifani katika kazi hiyo.

Alizaliwa mwaka 1898 katika milki ya Urusi, sehemu ambayo sasa ni nchi ya Belarus. Alipigana dhidi ya Wabolsheviki, na upande wake uliposhindwa akakimbilia Paris mnamo 1920. Huko alipaka rangi nyumba za watu, kisha mapazia ya jukwaa la kikundi cha baleti cha Diaghilev. Mwaka 1924 yakaandaliwa mashindano ya kuchora bango la dansi ya hisani. Mkimbizi huyo akawa wa kwanza, na wa pili akawa Picasso. Naam, Picasso yule yule.

Alihamia Marekani mwaka 1930, akawa mwalimu mjini Philadelphia. Mnamo 1934 Carmel Snow, mhariri wa Harper's Bazaar, aliziona kazi zake katika maonyesho jijini New York, akamwajiri. Akadumu hapo hadi 1958.

Msomaji atauliza, alifanya nini hasa? Kurasa za majarida wakati ule zilijazwa pomoni, kila picha imezungushiwa mpaka wake. Brodovitch aliikata picha bila huruma, akaipanua hadi ukingoni mwa karatasi, akayapanga maneno yafuate umbo la mwanamitindo, na penginepo akaacha nusu ya ukurasa nyeupe. Alizitandaza kurasa sakafuni apate kuona jinsi moja inavyoivuta nyingine. Wako watakaoiita kazi hiyo israfu ya karatasi. Mimi nasema jicho nalo huhitaji mahali pa kutulia. Isitoshe, darasani mwake walipita Richard Avedon na Irving Penn, ingawa alikuwa mwalimu mkali aliyechukia kuonyeshwa jambo alilokwisha kuliona.

Hata hivyo, maisha yake hayakuwa ya raha. Kati ya 1950 na 1951 alisanifu jarida la Portfolio, lililokataa matangazo ili uzuri wake usitiwe doa. Lilitoka mara tatu tu, likafa kwa gharama. Simlaumu, lakini vijana wetu wanaosanifu kurasa hawana budi kujua kwamba mwenye tangazo ndiye anayelipia wino. Mwaka 1956 nyumba yake iliungua pamoja na sehemu kubwa ya kazi zake. Pombe nayo ikamwandama. Hatimaye alirudi Ufaransa, akafariki katika mji mdogo wa Le Thor mwaka 1971.

Mwaka uliofuata, chama cha wakurugenzi wa sanaa cha New York kiliandika jina lake katika orodha yake ya kwanza ya mashujaa wa fani hiyo.