Annalena wa Wajir: Meneja wa mradi aliyehesabu mpaka kidonge cha mwisho

Ukitembea Dagahaley, mabango ya miradi hayaishi. Huku maji, kule vyoo, mbele kidogo masomo ya wasichana. Kila bango lina nembo ya mfadhili, na mengine yamebaki mabango tu. Mradi wenyewe ulishaondoka na magari yake.

Kwa hivyo si ajabu ukimuuliza kijana wa hapa anataka kusomea nini, akakuambia usimamizi wa miradi. Ndiyo kazi anayoiona kila siku: mtu mwenye kitambulisho shingoni, simu mbili na daftari. Kama na wewe una ndoto hiyo, wacha nikusimulie maisha ya mtu ambaye wazee wa Kaskazini Mashariki bado wanamtaja kwa jina moja tu, Annalena. Sijui kozi gani ingekufundisha kazi hii vizuri kumshinda yeye.

Annalena Tonelli alizaliwa Aprili 2, 1943, mjini Forlì, Italia. Alisomea sheria, na huko kwao alikuwa akisaidia watu wa mitaa ya mabanda. Mwaka wa 1969 akaja Kenya, na baadaye akafika Wajir kama mwalimu. Hakuwa mtawa wala hakutumwa na shirika kubwa. Hebu fikiria: mwanamke mzungu, Mkristo, hajaolewa, katikati ya jamii ya Waislamu wafugaji. Watu walimtilia shaka, na walikuwa na haki ya kumtilia shaka. Yeye hakuanza na semina ya kujitambulisha. Alijifunza Kisomali, akaishi maisha ya chini kama majirani zake, akawahudumia walemavu, vipofu na viziwi ambao hakuna aliyekuwa akiwapigania. Imani ya watu ilikuja polepole. Leo tungesema alikuwa anajenga uhusiano na wadau. Yeye alikuwa anaishi nao tu.

Mwaka wa 1976 akakabidhiwa mradi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama. Hapa ndipo patamu.

TB ina shida moja kubwa: dawa ni za miezi mingi. Wakati huo tiba ya kawaida ilichukua mwaka mzima hadi mwaka na nusu. Mgonjwa akimeza kwa wiki kadhaa hupata nafuu, akajiona amepona, akaacha. Viini vilivyobaki mwilini vinaweza kuzoea dawa, na ugonjwa ukirudi unaweza kurudi ukiwa sugu. Kwa maneno mengine, tiba ya nusu inaweza kuwa mbaya kuliko kutoanza kabisa. Sasa chukua mgonjwa huyo umfanye mfugaji, ambaye mvua ikinyesha kwingine anahama na ngamia wake. Utampata wapi umpe dawa ya mwezi wa nne?

Meneja wa kawaida angeandika kwenye ripoti kwamba walengwa hawatoi ushirikiano. Annalena aliubadilisha mradi badala ya kuwalaumu watu. Mbele ya kituo cha walemavu alikofanya kazi palikuwa na uwanja mtupu. Akawaalika wagonjwa waje na familia zao, wajenge vibanda vyao vile vile wanavyojenga malishoni, wakae hapo mpaka dozi iishe. Dawa mpya zilikuwa zimefanya tiba ya miezi sita iwezekane. Kila siku mgonjwa alimeza dawa mbele ya macho ya mhudumu. Si kuulizwa kama umemeza. Kuonekana ukimeza. Mahali hapo pakaitwa TB Manyatta.

Ukiangalia vizuri, kila kitu wanachofundisha darasani kimo humo. Kuna lengo moja linalopimika, mgonjwa apone. Kuna makataa, miezi sita. Kuna hatari iliyoonekana mapema, kuhama, na suluhisho lililotokana na maisha ya wenyewe badala ya kuletwa kwenye sanduku. Kuna rekodi ya kila siku. Na kuna tabia ambayo haiandikwi kwenye cheti chochote: subira ya kurudia jambo lile lile asubuhi baada ya asubuhi, hata siku ambayo hakuna mgeni wa kupiga picha. Wazo la manyatta likaigwa sehemu nyingine za kaskazini mwa Kenya. Miaka ya 1990, WHO ilipoeneza duniani mkakati wa DOTS, wa mgonjwa kumeza dawa akiangaliwa, Wajir ilikuwa imeshaonyesha kwamba hata mfugaji anaweza kumaliza dozi.

Mimi chuo niliacha njiani, kwa hivyo napenda sana sehemu moja ya hadithi hii: mwanasheria aliendesha mradi wa matibabu bila digrii ya udaktari. Lakini usikimbie na hiyo tu, ndugu yangu. Annalena alipoona kazi inadai maarifa asiyokuwa nayo, alienda kuyatafuta, akasomea magonjwa ya nchi za joto, TB na ukoma. Alisoma kwa sababu kazi ilimwonyesha pengo. Karatasi ilifuata kazi, haikutangulia.

Kisha ukaja mtihani ambao haumo kwenye mpango wa mradi wowote. Februari 1984, vikosi vya usalama viliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Kwa miaka mingi serikali ilishikilia kwamba waliokufa ni 57. Walionusurika wanazungumzia maelfu. Annalena alitoka na gari kutafuta majeruhi na maiti porini. Na kwa sababu alikuwa mtu wa rekodi, yaliyotokea hayakupotea: habari, majina na picha vikatoka Wajir mpaka vikawafikia wanadiplomasia wa nje. Mwaka uliofuata, 1985, alifukuzwa nchini.

Hapo wengi wangerudi kwao wakaandike kitabu. Yeye alivuka kwenda Somalia, akafanya kazi Merca wakati wa vita na njaa. Mwaka wa 1996 akafika Borama, Somaliland, akaanza upya: hospitali ya TB, madarasa ya kusoma na kuandika na ya Kurani kwa wagonjwa waliokuwa wakisubiri dozi iishe, na shule ya watoto viziwi. Aliwahudumia pia wenye virusi vya ukimwi, na baadhi ya watu mjini hawakufurahia hilo.

Mwaka wa 2003 UNHCR, shirika lile lile ambalo nembo yake unaiona Dagahaley kila siku, lilimpa Tuzo ya Nansen kwa huduma yake kwa wakimbizi na waliohama. Miezi michache baadaye, Oktoba 5, alipigwa risasi ndani ya eneo la hospitali yake Borama. Alikuwa na miaka 60.

Kufanya kazi na watu hakukuhakikishii shukrani, na nisingekudanganya hapo. Ila Wajir ukitaja TB Manyatta, mtu mzima hatakuuliza ni nini.

Basi siku utakapokaa mbele ya jopo la mahojiano, watakuuliza umewahi kusimamia mradi gani. Usingoje ajira ndipo uwe na jibu. Ligi ya mpira ya bloku yenu, darasa la jioni la watoto, mchango wa kununua tangi la maji: chagua kimoja. Andika kitaisha lini, andika nani amekuja na nani hakuja, na asiyekuja mfuate umuulize kwa nini. Uendeshe mpaka tarehe uliyoiandika. Mabango tunayo ya kutosha. Tunachokosa ni mtu wa mwezi wa sita.