Mendelssohn na safari ya visiwani: bahari ilimlewesha, akaipa sauti

Felix Mendelssohn wamjua hata kama jina lake ni geni kwako. Ile tuni ya maharusi wanapotoka kanisani, inayopigwa kuanzia London hadi Mombasa, ni yake. Lakini leo twataka kumzungumzia kijana wa miaka 20 aliyepanda chombo kiangazi cha mwaka 1829, akazunguka visiwa vya magharibi mwa Scotland, akatapika sana, na akarudi na muziki ambao hadi leo wengi huutaja wakitafuta mfano wa bahari iliyoingia kwenye vyombo vya muziki.

Alizaliwa Hamburg, Ujerumani, tarehe 3 Februari 1809. Babu yake, Moses Mendelssohn, alikuwa mwanafalsafa wa Kiyahudi mwenye sifa Ulaya nzima. Baba yake, Abraham, alikuwa tajiri wa benki, na watoto wake aliwabatiza Ukristo mwaka 1816. Nyumba yao ya Berlin ilijaa muziki. Dada mkubwa, Fanny, alikuwa mtunzi wa kweli, ila zama zile mwanamke wa nyumba ya heshima hakuruhusiwa kuufanya muziki kazi. Baadhi ya nyimbo zake zilichapishwa kwa jina la ndugu yake. Miaka mingi baadaye Malkia Victoria alimwimbia Felix wimbo alioupenda kuliko nyingine, na ikambidi Felix akiri kwamba ule ulikuwa wa Fanny.

Machi 1829 Felix aliongoza mjini Berlin utenzi mkubwa wa Bach juu ya mateso ya Yesu, uliokuwa umesahaulika kwa takriban karne moja. Mwezi uliofuata akavuka bahari kwenda London. Msimu wa matamasha ulipokwisha, yeye na rafiki yake Karl Klingemann wakashika njia ya kaskazini. Walipita Edinburgh, wakakatiza milimani huku mvua ikiwanyeshea, na tarehe 7 Agosti wakafika Oban, mji wa bandari unaotazamana na visiwa.

Siku hiyo ndiyo ya kutazamwa vizuri. Felix alikuwa pia mchoraji hodari. Alikaa akachora kwa penseli mandhari aliyoiona: ngome kuukuu juu ya jabali, maji ya mlango wa bahari, na milima ya ng'ambo. Kisha wakapanda chombo hadi Tobermory, katika kisiwa cha Mull. Usiku huo, katika barua ya kwenda nyumbani, aliandika mistari kadhaa ya muziki na hata kuonyesha ni vyombo gani vipige wapi, ili Fanny na wenzake waelewe visiwa vile vimemgusa namna gani.

Watu wengi husimulia kwamba muziki huo ulimjia ndani ya pango mashuhuri la Fingal, kisiwani Staffa. Si kweli. Pango aliliona kesho yake, tarehe 8, na wakati huo sauti ilikuwa tayari imeshaandikwa. Kilichompa muziki ni maji yenyewe na ile namna visiwa vinavyojitokeza kimoja nyuma ya kingine. Mtu aliyewahi kupita baina ya Lamu, Manda na Pate kabla jua halijapanda atalielewa hilo bila kuelezwa.

Safari ya Staffa yenyewe ilikuwa balaa. Walikwenda kwa meli ya moshi, bahari ya Atlantiki ikachafuka, na abiria wakaanza kuanguka mmoja baada ya mwingine. Felix alikuwa miongoni mwao. Klingemann aliandika kwa mzaha kwamba rafiki yake anapatana na bahari kwa muziki, si kwa tumbo. Walishushwa kwa mashua ndogo hadi mdomoni mwa pango, na Klingemann ndiye aliyelieleza: nguzo nyeusi za mawe zimesimama wima kama mabomba ya kinanda kikubwa cha kanisani, na mawimbi yanavuma humo ndani. Felix, kwa jinsi alivyokuwa, hakuandika chochote cha maana kuhusu pango.

Hapa nina neno langu. Jina la Fingal lilienea kupitia mgeni mwingine, Joseph Banks wa Uingereza, aliyepita Staffa mwaka 1772 akiwa na hadithi za mashujaa kichwani. Wenyeji wanaosema Kigaeli walikuwa na jina lao, lenye maana ya pango lenye sauti tamu. Yaani wavuvi wa visiwa vile waliusikia muziki wa mahali pale, wakaupa jina, kabla ya mtunzi yeyote kufika na karatasi. Jina lao halikuingia kwenye tamasha lolote.

Na hao wenyeji walikuwa katika hali gani mwaka ule? Kwa miaka mingi walichoma mwani, majivu yake yakauzwa kutengenezea sabuni na kioo. Vita vya Napoleon vilipokwisha mwaka 1815, bei ikaporomoka. Wenye ardhi wakaona kondoo wana faida kuliko watu. Mwaka 1826, miaka mitatu tu kabla ya safari ya Felix, wakazi wengi wa kisiwa cha Rum, kilicho kaskazini ya Mull, walipakiwa melini wakapelekwa Canada ili kisiwa kiwe malisho. Sisi tunaoishi na kesi za ardhi hatuhitaji kufasiriwa habari hii, na akina mama wanaolima mwani kule Kibuyuni wanajua soko likianguka nyumba hulala vipi.

Felix hakuyaandikia muziki hayo. Mwezi huohuo wa Agosti, akiwa Wales, alilalamika nyumbani kwa ukali mno kuhusu nyimbo za kienyeji na wapiga vinubi waliomchosha masikio. Simlaumu kupita kiasi. Alikuwa kijana, na mgeni wa siku chache husikia upepo kabla ya kuwasikia watu. Lakini yafaa tujue alichosikia na alichopitwa nacho.

Kazi ilimchukua miaka. Alimaliza toleo la kwanza Desemba 1830 akiwa Roma, na hakuridhika. Malalamiko yake yangempendeza nahodha yeyote: sehemu ya katikati, alisema, inanukia zaidi ufundi wa kusuka sauti juu ya sauti kuliko mafuta ya nyangumi, shakwe na ng'onda. Akairekebisha. Ilipigwa London mara ya kwanza tarehe 14 Mei 1832, na hata baada ya hapo akaishika tena. Sasa huitwa Hebrides, jina la visiwa vyenyewe, au Pango la Fingal. Ni kama dakika kumi tu. Inaanza chini, kwa sello na fidla nene, sauti ile ile ikishuka na kurudi, ikishuka na kurudi, kama maji yanayopiga ubavu wa jahazi lililotia nanga. Aliyezoea sello ya taarabu hatapotea.

Baadaye alipata kila heshima. Kuanzia 1835 aliongoza orkesta ya Leipzig, na mwaka 1843 akafungua chuo cha muziki mjini humo. Tarehe 14 Mei 1847 Fanny alifariki ghafla huko Berlin, na habari hizo zikamvunja. Agosti mwaka huo Malkia Victoria aliingia pango la Staffa kwa mashua. Tarehe 4 Novemba Felix akafa Leipzig, umri miaka 38, akazikwa Berlin karibu na dada yake.

Sanamu yake iliyosimama Leipzig iling'olewa na Wanazi mwaka 1936, kwa kuwa alizaliwa Myahudi, na muziki wake ukapigwa marufuku. Nyingine ilisimamishwa mwaka 2008. Na mashua za Mull huwapeleka watu Staffa kila kiangazi bahari ikiruhusu.